Somo yangu, kwa ajili ya simu ya Alhamisi

Chumbageni, Tanga

Somo yangu mpenzi,

Salamu zako zimenifikia, na habari uliyoniletea imenikosesha usingizi kwa furaha. Maombi yote yale uliyotuma tangu umalize chuo, leo wakala wa ajira wa Dar es Salaam anakwambia atakupigia Alhamisi saa nne asubuhi, kwa nafasi ya karani wa nyaraka huku bandarini kwetu! Ningeweza kukupigia tukaongea, lakini ya simuni hupita yakasahaulika. Nimeona niandike, uwe na karatasi ya kurudia, na barua hii nampa mjomba anayekuja Pangani kesho.

Kwanza umjue atakayekupigia. Si bosi wako, na huenda kazi zenyewe za forodha hazijui kwa undani. Kampuni imempa nafasi moja, naye ana majina mengi mbele yake, kazi yake ni kuyachekecha yabaki matatu au manne ya kupeleka. Ofisini kwetu meneja akitafuta mtu kwa njia hii, kila mwombaji huletwa na karatasi yake, na mimi ndiye ninayezipanga kwenye faili. Pana jina, elimu, mshahara anaoutaka, lini anaweza kuanza, kisha chini kabisa mistari miwili ya maoni ya wakala. Hiyo mistari miwili ndiyo meneja anayoisoma kwa makini. Palipoandikwa "anajieleza vizuri, ana uzoefu" hapasimami mtu, maana karibu wote wameandikiwa hivyo. Lakini pakiandikwa "alikuwa analinganisha invoisi na mzigo uliopokelewa, akagundua upungufu kabla malipo hayajatoka", meneja anauliza huyu ni nani, aitwe.

Kwa hiyo Alhamisi utakuwa unaongea na mtu mwenye kalamu mkononi, nawe umpe kitu cha kuandika. Mengine yote ninayokueleza humu yanatoka hapo.

Swali la kwanza litakuwa "nieleze kukuhusu". Najua tulivyolelewa: mtu akiulizwa hivyo huanza na alikozaliwa, akaja kwa wazazi, akaja kwa shule ya msingi, na dakika mbili zimekwisha hajafika kwenye kazi. Wewe anzia dukani. Ulikaa kwenye lile duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, barabara ya 12, ukipokea saruji na nondo, ukihesabu, ukiandika leja, ukimpigia msambazaji pakiwa na upungufu. Usiseme "nilikuwa nasaidia dukani", utaidhulumu kazi uliyoifanya kwa jasho lako. Sema: "Nilikuwa napokea mzigo na kuulinganisha na invoisi, ikipishana hata mfuko mmoja, nilikuwa siweki saini mpaka ijulikane uko wapi." Karani wa nyaraka bandarini anafanya hilohilo kwa karatasi kubwa zaidi. Hati ya shehena, invoisi na orodha ya mzigo visipolingana, kontena linakwama, na kila siku inayopita mteja anadaiwa storeji, yaani gharama ya mzigo kukaa bandarini. Mwambie unalijua hilo. Huenda ikawa mara ya kwanza siku hiyo kumsikia mwombaji akieleza kosa moja kwenye karatasi linavyogharimu pesa.

Anaweza kukuuliza unaijua vipi bandari ya Tanga. Hapo wewe una mtaji kuliko mwombaji wa Dar, umekua ukiziona meli zikitia nanga mbali na mizigo ikiletwa kwa matishari. Mweleze, kisha mweleze kilichobadilika: gati sasa zina urefu wa mita 450 na kina cha mita 13, meli inafunga gatini na kushusha hapohapo. Ukitaka ongeza kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa Chongoleani. Usimkaririe kama mtoto wa darasa la saba. Sentensi mbili zinatosha, kisha nyamaza aandike.

Huko kunyamaza nako kujifunze. Simuni hamwonani, na kimya chake kitakutisha. Utadhani hajaridhika, utaanza kuongeza maneno, na katika kuongeza ndipo mtu husema asichokusudia. Mara nyingi anaandika tu. Jibu, maliza, subiri. Usipomsikia vizuri mwambie "samahani, naomba urudie swali". Ni bora mara mia kuliko kujibu usichoulizwa. Na salamu zetu hizi za umeamkaje, wa nyumbani hawajambo, za huko, zipunguze. "Habari za asubuhi, ndiyo mimi, karibu" inatosha, ila isemwe kwa sauti iliyochangamka. Mimi nikitaka sauti yangu isikike vizuri simuni husimama wima, nikikaa inadidimia.

Jiandae pia kwa Kiingereza kuingia ghafla. Mnaendelea kwa Kiswahili vizuri, mara anageuza, maana ameambiwa apime lugha. Usishtuke wala usiombe radhi kwa Kiingereza chako. Habari ile ya duka na habari ya kwa nini unaitaka kazi hii, ziseme kwa lugha zote mbili mpaka ulimi uzizoee. Usiandike majibu mazima ukayasoma, sauti ya mtu anayesoma inajulikana hata kwa mtoto. Andika maneno machache tu kwenye daftari, kwa herufi kubwa: mzigo, invoisi, upungufu, leja.

Sasa mshahara. Hapa nataka unisikilize vizuri kuliko popote, kwa sababu hesabu hizi ndizo ninazozifanya kila mwisho wa mwezi, na nimeona nyuso za watu wanapopokea mshahara wa kwanza. Umeniandikia kwamba utasema laki saba. Ukitaja laki saba bila neno la pili, wakala ataandika laki saba kabla ya makato. Toa asilimia 10 ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, 70,000. Inabaki 630,000 ya kukatwa kodi, na kodi yake kwa viwango ninavyotumia ni 42,000. Halafu wewe una mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo, nao unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 105,000. Mkononi unafika 483,000. Toa kodi ya chumba, nauli, na ya kumtumia bibi, uone kinachobaki. Ukitaka ifike karibu laki sita mkononi, mshahara wa msingi uwe laki tisa: NSSF 90,000, kodi 80,500, Bodi 135,000, unabaki na 594,500.

Sisemi ung'ang'anie laki tisa. Nasema ujue unachokitaja. Akikuuliza, muulize nawe kwa adabu: "Kampuni imetenga kiasi gani kwa nafasi hii?" Wengine watakwambia, wengine watakataa. Akikataa, taja kiwango chako na useme wazi kwamba ni kabla ya makato, na kwamba uko tayari kuzungumza ukishaelewa kama kuna posho ya nyumba, usafiri au bima ya afya. Usiseme "chochote mtakachonipa". Ninaichukia sentensi hiyo, somo. Wanaoisema ni watu wema na wanyenyekevu, na karatasini inageuka kuwa kiwango cha chini kabisa.

Liko swali jingine ambalo wanawake huulizwa sana: umeolewa, una mtoto, unatarajia? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ndoa, ujauzito au majukumu ya familia, na inamlinda hata anayeomba kazi, siyo aliyeajiriwa tu. Huna haja ya kumsomea sheria. Anachotaka kujua ni kama utafika kazini, basi mjibu hilo: "Sina kinachonizuia kufanya kazi kwa saa zilizopangwa." Kisha umuulize saa zenyewe. Kwa sheria hiyohiyo saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, lakini mambo ya bandari wayajua, meli haitazami saa, na ni vizuri ujue mapema kama kuna zamu za usiku.

Kabla hamjaagana muulize pia mwajiri ni nani kama hajamtaja, mkataba ni wa muda gani, na lini utapata jibu. Andika majibu pamoja na jina lake. Na akitokea kusema utume pesa ya fomu, ya vipimo vya afya au ya sare kwenye namba fulani ili jina lako lipite, hapo kata simu. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka msingi kwamba wakala hamtozi mtafuta kazi. Anayemlipa ni kampuni. Nina uchungu na hao matapeli, wanawachuna watu ambao hata nauli wameikopa. Hata kabla ya Alhamisi litafute jina la hiyo kampuni ya wakala kwenye mtandao wa BRELA, wanaosajili kampuni, uone kama imesajiliwa.

Simu yenyewe nayo iandae. Laini ya pili izime, isije ikaita katikati. Ule wimbo wa taarabu ya mipasho anaousikia mtu akikupigia uondoe kwa wiki hii, maana ndio atakaousikia kwanza kabla hujapokea. Picha ya WhatsApp weka ile ya mahafali. Weka salio la kutosha ili ikikatika umpigie wewe, usingoje.

Ila mahali ndipo panaponitia wasiwasi. Nyumba ya bibi naipenda, lakini mabati yale mvua ikishuka hamsikilizani hata mkikaa kitanda kimoja, na kuku wanaingia mpaka ukumbini. Kwa hiyo nakuomba usiipokelee huko. Panda gari la Jumatano mchana uje ulale kwangu. Chumba changu kina dari, mtandao unashika vizuri, na saa nne asubuhi watoto wa mwenye nyumba wako shule. Mimi nitakuwa kazini, utabaki peke yako kwa utulivu. Jumatano nitarudi saa kumi na moja. Tukishakula nitatoka barazani nikupigie wewe ukiwa ndani umefunga mlango, nikuulize kama wakala, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Usikilize sauti yangu bila kuniona, ndivyo itakavyokuwa. Tutarudia mpaka habari ya duka itoke bila kukwama.

Njoo na vyeti vyako, barua ya yule mwenye duka, na ule wasifu uliowatumia, uwe mezani mbele yako, maana yeye anausoma uleule na atauliza miaka. Kalamu na daftari vipo hapa. Simu ikiisha, siku hiyohiyo mwandikie ujumbe mfupi wa kumshukuru, na kama aliomba cheti chochote kiende pamoja na ujumbe huo, usilaze.

Bibi mpe shikamoo yangu, na umwambie dagaa aliowatuma mara ya mwisho tuliwamaliza siku ileile. Ukishapanda gari nitumie ujumbe, nije kukupokea stendi.

Ni mimi somo wako