Kabla hujasaini mkataba ule

Kwako swahiba,

Salamu nyingi, na poleni na majukumu. Barua yako ilinikuta katikati ya kusafisha picha za harusi, nikaiweka kando kwanza maana haikuwa ya kujibiwa juu juu.

Kwa hiyo wamekupa hadi mwisho wa mwezi. Uingie ofisini kwa mshahara ule, bima ya familia nzima na gari juu yake, ama ubaki na karakana yako na vumbi la mbao. Nahisi umeniuliza mimi kwa kuwa ndiye niliyeacha uhasibu nikashika kamera, ukitegemea nitakwambia ufuate moyo. Hapo utanisamehe.

Unajua kwa wiki kamera huwa mkononi mwangu muda gani? Siku ya shughuli tu. Siku zilizobaki ni kukokotoa gharama, kubembeleza watu wamalizie malipo, na kukaa mbele ya kompyuta. Juzi bibi harusi mmoja kanipigia, anataka nimwondoe wifi yake kwenye picha zote za pamoja. Nikamwondoa. Ukabaki mkono wake, umeshika bega la shangazi, hauna mwenyewe! Nilihangaika na ule mkono mpaka adhana ya alfajiri. Hiyo nayo ni kazi niipendayo, na ndiyo inayolipa kodi ya nyumba.

Wewe nimekuona ukipiga randa. Ukimaliza ubao hufumba macho, ukaupapasa kwa kiganja toka ncha hadi ncha, na ukigusa kijinundu kimoja unaanza upya, hata kama ni upande wa ndani wa droo ambao hakuna atakayeuona. Mteja halipii ule upapasaji. Anachotaka ni kabati Ijumaa, kwa bei pungufu, na rangi ambayo wewe usingempakia hata adui yako. Utaweza hivyo mwezi baada ya mwezi, na bado ukatamani kushika randa siku ya mapumziko? Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa chekechea wa Marekani waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti wakichora, baadaye walipoachwa huru walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Watu wazima si watoto wa chekechea, najua, lakini nami siku hizi nikisafiri kamera naiacha nyumbani.

Upande wa pesa, usiwasikilize wanaokwambia haileti furaha. Wengi wao wanazo. Wanapenda kuutaja utafiti wa Daniel Kahneman na Angus Deaton wa mwaka 2010, uliosema kwamba kwa Wamarekani hali ya moyo ya kila siku hupanda pamoja na kipato, kisha husimama kwenye dola 75,000 hivi kwa mwaka. Wasichokitaja ni kwamba mwaka 2023 Kahneman huyo huyo alirudi na Matthew Killingsworth, na safari hii wakaona kwamba kwa walio wengi furaha huendelea kupanda hata baada ya hapo. Kwa wale wenye huzuni nzito ndiyo kuna mahali pesa inafika ikagota. Mtu asiyewaza ada ya watoto analala vizuri. Tusidanganyane.

Ninachokiogopa ni matumizi. Mshahara ukipanda, nyumba inakuwa ndogo ghafla, shule ya watoto inakuwa mbaya ghafla, halafu benki inakuita uchukue mkopo wa kukatwa kwenye mshahara. Ukifika hapo huna tena cha kuchagua. Ukiingia, mwaka wa kwanza ishi kwa kile unachopata sasa, kinachozidi kiende akaunti nyingine, na mkopo usiuguse.

Lakini kwenye barua yako kuna kitu ulikipitia haraka, kikanishtua kuliko tarakimu zote: yule bosi mtarajiwa alikupigia saa nne usiku kukueleza nafasi yenyewe. Hujawa mfanyakazi wake, anakupigia saa nne. Ukishakuwa wake?

Nauliza kwa sababu kuajiriwa peke yake hakuui kipaji. Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akawa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, na huku anaandika. Albert Einstein aliingia ofisi ya hataza, ile ya kusajili uvumbuzi, mjini Bern mwaka 1902, akaondoka 1909, na zile makala zake kubwa za 1905 alizitoa akiwa bado mwajiriwa pale. Bila shaka zilikuwa kazi za kuchosha kwa namna yake, ila jioni ilibaki yao. Ukipata kazi ya mshahara inayokuachia jioni na Jumamosi, mimi ningeichukua leo, karakana ikabaki ya oda mbili tatu unazozipenda, na ya rangi mbaya ukaikataa bila kuogopa njaa. Kama inakula usiku wako, basi hata mshahara ule ni mdogo.

Kwa hiyo kabla hujasaini, mtafute aliyekuwa kwenye kiti hicho kabla yako. Muulize aliondoka kwa nini, na alikuwa anafika nyumbani saa ngapi. Usimuulize bosi, atakwambia tu kwamba wao ni familia moja. Kisha nitumie hesabu za karakana: oda za miezi sita, nani amelipa, nani bado anakuzungusha. Uhasibu sijausahau, tutazipitia pamoja. Wapo wanaokudai pia, najua, waandike wote.

Jumamosi nina harusi, usinitafute. Jumapili mchana nipo.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi swahiba wako