Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mvinyo Mwekundu wa Milimani

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita tuliazimia kuutumia mwaka mzima kuonja mvinyo mwekundu wa mashamba ya milimani, hasa ule wa zabibu aina ya Malbec wa Mendoza nchini Argentina, badala ya kurukaruka kutoka nchi hadi nchi kama tulivyozoea. Hesabu za fedha zitasomwa na Mweka Hazina. Mimi nitaeleza tuliyojifunza mezani.

Malbec si mzaliwa wa milima ya Andes. Asili yake ni kusini-magharibi mwa Ufaransa, na ilifika Mendoza katika miaka ya 1850 kwa juhudi za mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget. Kwa muda mrefu wakulima walisita kuipandisha juu sana mlimani, wakihofia sakitu na zabibu zisizoiva, hadi miaka ya 1990, mtengenezaji mvinyo Nicolás Catena alipopanda shamba la Adrianna huko Gualtallary, katika Bonde la Uco, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Kikao kilichotufundisha zaidi ni kile tulichoweka glasi mbili za Malbec ya mwaka mmoja, moja ya Luján de Cuyo, ambako mashamba mengi yako karibu mita 1,000, na nyingine ya Gualtallary. Ya kwanza ilikuwa laini, yenye ladha ya plamu zilizoiva, ikajaza mdomo na kuondoka upesi. Ya pili ilikuwa na harufu ya maua ya urujuani, uchachu uliotoa mate, na ukakasi mwembamba kama vumbi la chaki uliobaki ulimini muda mrefu. Mwenzetu mmoja alitamka kwamba zabibu zake hazikuiva; nusu saa baadaye ni yeye aliyeomba kuongezewa.

Sababu zake zinaeleweka. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi kila mita 100 tunazopanda, na usiku wa baridi huisaidia zabibu kuhifadhi asidi ambayo joto lingeiteketeza. Wakati huohuo hewa ya juu ni nyembamba na miali ya urujuanimno ni mikali zaidi, hivyo tunda hujikinga kwa kujaza ganda lake rangi na tanini (kemikali inayokausha mdomo), na humo ndimo weusi na ukakasi wa mvinyo vinamotoka. Mvua ya Mendoza ni kama milimita 200 tu kwa mwaka. Mizabibu hunyweshwa theluji ya Andes iliyoyeyuka, na mashamba mengi hufunikwa nyavu kujikinga na mvua ya mawe.

Hata hivyo, swali la "mita ngapi?" lilituponza mwaka huu. Nerello Mascalese, zabibu ya mlima Etna nchini Italia, inayopandwa hadi kufikia mita 1,000 hivi, ilitoka na rangi hafifu kabisa, kwa kuwa aina ya zabibu ina kauli kabla ya mlima. Dodoma nayo iko karibu mita 1,100, sawa na sehemu za Bonde la Uco, lakini ipo nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Mzabibu wake haupati majira ya baridi ya kulala na huvunwa mara mbili kwa mwaka, ilhali Mendoza iko nyuzi 33. Ndiyo maana huko Salta, kaskazini mwa Argentina, karibu zaidi na tropiki, kampuni ya mvinyo ya Colomé imepanda mizabibu hadi mita 3,111. Namba ya mwinuko kwenye lebo, bila kujua latitudo, haituambii mengi.

Kikao kimoja kiliahirishwa kwa sababu chupa zilikaa katika ghala lenye joto na mvinyo ukanuka matunda yaliyochemshwa. Na sisi wenyewe tulikosea mwanzoni kwa kumimina mvinyo katika joto la Dar es Salaam, kilevi kikafunika harufu zote. Sasa tunaupoza hadi nyuzi 16 au 17.

Kamati inapendekeza kwamba mwakani tulinganishe Malbec ya Cahors, Ufaransa, na hizi za Andes. Watakaokubali kuchangia ununuzi wa chupa waandikishe majina yao kwa Katibu kabla ya kuondoka ukumbini leo.

Mwenyekiti