Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Nyayo za Laetoli zifike madarasani

Mheshimiwa Waziri,

Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari wilayani Karatu. Nikifika kwenye mada ya zamadamu, yaani viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, hufundisha Laetoli, eneo la mambo ya kale kule Ngorongoro, kama nilivyofundishwa: mwaka 1978 timu ya mtafiti Mary Leakey iligundua nyayo za miaka milioni 3.66 ndani ya jivu la volkano, kwa hiyo zamadamu alikuwa ameshaanza kutembea wima. Mtihani unataka hayo tu. Laetoli haikuishia hapo.

Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Fidelis Masao, walikuta nyayo nyingine umbali wa mita 150 hivi, wakati wakikagua eneo lililokusudiwa kujengwa makumbusho. Mmoja wa waliopita pale alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165.

Habari ya tatu naiona kubwa kuliko zote. Mwaka 1976, kabla hata ya ugunduzi ule maarufu, zilionekana nyayo tano zinazofuatana. Baadaye zikadhaniwa za dubu, zikawekwa kando. Mwaka 2019 Mtanzania mwenzetu Charles Musiba, pamoja na Ellison McNutt, Jeremy DeSilva na wenzao, walizifukua upya. Mvua za miaka zaidi ya 40 zingeweza kuzifuta, lakini walizikuta. Wakazilinganisha na nyayo za dubu, sokwe na binadamu. Walipitia hata saa zaidi ya 50 za video za dubu wa porini, wakaona kwamba kutembea kwao kwa miguu miwili bila kujishikiza hakukufika asilimia 1 ya muda huo. Desemba 2021 jarida la kisayansi la Nature likachapisha hitimisho lao: ni nyayo za zamadamu, tena wa aina tofauti na yule wa 1978. Unyayo wake ni mfupi na mpana, na hatua zake zinapishana, mguu mmoja ukivuka mbele ya mwingine. Maana yake, aina mbili za zamadamu ziliishi hapo Laetoli kwa wakati mmoja. Wapo wanasayansi wanaotaka ushahidi zaidi, na ni haki yao. Mjadala huo nao wanafunzi wangu wanastahili kuusikia.

Mheshimiwa, siombi nyayo zifunuliwe. Miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ililazimika kuondoa miti iliyoota juu ya zile za 1978, kwa kuwa mizizi ilikuwa ikiziharibu, kisha ikazifukia tena kitaalamu. Zibaki zilivyo.

Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wa wizara yako ikishirikiana na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kila kibali cha uchimbaji wa mambo ya kale kiwe na sharti: kabla mradi haujafungwa, watafiti wakabidhi maelezo ya Kiswahili cha kawaida, kurasa chache tu, pamoja na vipimo vya pande tatu vya walichokipata. Kwa vipimo hivyo Makumbusho ya Taifa inaweza kutengeneza nakala mtoto akaweka mguu wake juu yake, bila kugusa jiwe lenyewe.

Nakala za kwanza zipelekwe shule za kata ya Endulen, ambako nyayo hizo ziko. Sisi wa Karatu tutasubiri zamu yetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia, Karatu