Shangazi, watoto wa Meatu si wazito

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai u mzima, na mguu umeanza kukupa nafuu. Sisi huku chuoni hatujambo.

Siku ile niliyokuambia kwenye simu kwamba nikimaliza ningependa kurudi kufundisha Simiyu, kule wilayani Meatu nilikofanyia mazoezi ya ualimu, ulinijibu mambo mawili. Kwanza ulisema kule jua ni kali na maji ni ya shida. Hilo ni kweli, nimeliona. Kisha ukasema, "Watoto wa kule wazito, mwanangu. Utachoka bure." Hilo la pili ndilo limenikalisha niandike, tena niandike hadharani, kwa sababu maneno hayo si yako peke yako. Nimeyasikia bwenini, nimeyasikia kwenye basi la kwenda Bariadi, na nimeyasikia ndani ya ofisi ya walimu ya shule niliyofanyia mazoezi, mengine yakitoka vinywani mwa walimu waliozaliwa hukohuko.

Na mimi nilikwenda nayo kichwani. Nimekulia Pangani, nimelala na kuamka ndani ya Kiswahili, na hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha kwamba anayesema "lafiki" badala ya "rafiki" ni mshamba. Nililipata barazani, watu wazima wakicheka nasi tukicheka. Ukikua hivyo, sikio linazoea kupima akili ya mtu kwa namna anavyotamka, na kazi hiyo linaifanya haraka kuliko wewe mwenyewe unavyoweza kulizuia. Mtu wa kawaida akiwa na sikio la namna hiyo, hasara yake ni ndogo. Mwalimu wa darasa la kwanza akiwa nalo, kuna mtoto atakayelipa.

Ngoja nikueleze lile darasa. Mwongozo unataka watoto 45. Sisi tulikuwa nao zaidi ya 130, wameketi watano watano kwenye dawati, wengine sakafuni karibu na ubao, miguu yao karibu iguse viatu vya mwalimu. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 wazazi wameitikia, na mimi nafurahi kwamba wameitikia. Lakini wengi wa watoto wale walikuwa wanaongeleshwa Kiswahili mfululizo kwa mara ya kwanza. Nyumbani ni Kisukuma, kisimani ni Kisukuma, machungani ni Kisukuma. Redio ipo, ila redio haimuulizi mtoto swali na kumsubiri ajibu. Sasa mtoto huyo anaingia darasani mwezi wa kwanza, na tangu siku hiyo KKK zote tatu, kusoma, kuandika na kuhesabu, zinamjia kwa lugha ambayo bado anaitafuta.

Kulikuwa na mvulana mmoja wa nyuma kabisa, upande wa dirishani. Siku ya somo la kutoa, mwalimu alimwita: nina machungwa matano, nimekula mawili, yamebaki mangapi? Mvulana akasimama, akainamisha macho, akanyamaza. Darasa zima likamngoja. Mwalimu akarudia kwa sauti ya juu zaidi, kama vile tatizo lilikuwa masikio. Kimya. Akaambiwa akae, na mwalimu akanigeukia, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, mtoto akisikia, "Huyu ndiyo hivyo tena."

Wakati wa mapumziko nikamkuta chini ya mkwaju na wenzake, wamechimba vishimo vya bao, wanacheza kwa mbegu za ubuyu. Shangazi, wewe unalijua bao. Unajua kwamba mchezaji mzuri haanzi kusambaza kete mpaka ameshajua ya mwisho itaangukia wapi. Yule mtoto alikuwa anatazama shimo, anatulia kidogo, kisha anachota, na kila aliposambaza aliishia palepale alipopataka. Alikuwa anajumlisha na kutoa kichwani akiwa na miaka saba au minane. Siku iliyofuata somo lilikuwa mikononi mwangu. Nikatoa swali lilelile, ila nikamwomba jirani yake amwambie kwa Kisukuma. Vidole vitatu vilikuwa juu kabla jirani hajamaliza kusema.

Sikusimulii haya nikitaka kukuambia kwamba kila mtoto aliye kimya ni fundi wa hesabu. Wapo waliokuwa hawajui, kwa Kisukuma wala kwa Kiswahili, na hao nao ni wetu. Ninachosema ni kwamba mwalimu hana njia ya kuwatenganisha, asiyejua na asiyeelewa swali, ikiwa anasikiliza Kiswahili peke yake. Anawaweka wote kapu moja na kuliandika "wazito". Kutoka hapo mengine yanajiendea yenyewe. Mtoto anahamishiwa nyuma, haulizwi tena, daftari lake linasahihishwa mwisho au halisahihishwi. Wengine wanachapwa kwa kutojibu. Na wewe uliyekuwa mwalimu unazijua kanuni za viboko kuliko mimi: fimbo zisizidi nne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Hakuna popote kanuni iliposema mtoto achapwe kwa kutokujua lugha.

Mkufunzi wetu mmoja alitupa kazi ambayo nadhani kila mwalimu angeifanya angalau mara moja. Unachora ramani ya darasa kwenye karatasi, dawati kwa dawati, unakaa nyuma wakati mwenzako anafundisha, na kila anapomuuliza mtoto swali unapiga tiki mahali alipoketi. Basi. Hakuna maoni, ni tiki tu. Nilimfanyia mwenzangu, naye akanifanyia mimi. Karatasi zote mbili zilitoka sawa: tiki zimejazana mbele katikati, kwa mtoto wa mwalimu, mtoto wa nesi wa zahanati, mtoto wa mwenye duka na wawili watatu waliohamia kutoka Mwanza mjini. Wote hao walikuwa wanajua Kiswahili kabla hawajaanza shule. Upande wa dirishani kulikuwa na madawati manne yasiyo na tiki hata moja, kwa kipindi kizima. Na mimi nilitoka kwenye kipindi kile nikiamini nimewauliza wote.

Chuoni tulisomeshwa habari za watafiti wawili wa Marekani, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, waliochapisha matokeo yao mwaka 1968. Waliwaambia walimu wa shule moja ya msingi kwamba watoto fulani wanatarajiwa kupiga hatua kubwa mwaka ule. Majina yale walikuwa wameyachagua kwa bahati nasibu tu. Mwisho wa mwaka, hasa katika madarasa ya chini, watoto waliotajwa walikuwa wamepanda zaidi ya wenzao. Wapo wataalamu waliopinga ukubwa wa matokeo hayo, na wana hoja zao. Lakini mimi sihitaji kwenda hadi Marekani kuona imani ya mwalimu inavyofanya kazi. Ninayo ile karatasi ya tiki.

Sasa nikukumbushe jambo la nyumbani. Mimi nilipoingia kidato cha kwanza, shule ya kata, nilikuwa nimefaulu vizuri na familia nzima ilijua. Baada ya miezi miwili nikawa mtoto wa kunyamaza. Baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, hata hesabu niliyoipenda ikageuka kuwa maneno. Mwalimu akiuliza natazama meza. Baba akaanza kusema labda nilibebwa darasa la saba. Wewe ndiye uliyemkatalia. Ulisema, nakumbuka ulikuwa umesimama mlangoni na kanga mkononi, "Mtoto hajapungukiwa akili, lugha ndiyo imemfunga mdomo." Kisha ukaninunulia kamusi, na jioni ukawa unanieleza kwa Kiswahili jambo lile mpaka nilielewe, ndipo tunalirudia kwa Kiingereza.

Shangazi, yule mvulana wa dirishani ni mimi wa kidato cha kwanza. Tofauti ni kwamba yeye amekutana na ukuta huo akiwa na miaka saba, na hana wa kumwambia baba yake neno lile ulilomwambia baba yangu.

Na kuna la kwako mwenyewe pia, naomba uniwie radhi nikiligusa. Ulimaliza darasa la saba ukachukuliwa kuwa mwalimu kwa sababu Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, na walimu wa kutosha hawakuwepo. Mkafundishwa kazini, mchana darasani na jioni kwenye masomo ya barua na ya redio. Mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote uliitwa UPE kwa kifupi cha Kiingereza; watu wakalibeza jina hilo, wakasema ni "Ualimu Pasipo Elimu". Ulinisimulia habari za mkaguzi aliyekuuliza umesomea wapi kabla hajafungua andalio lako la somo, na ulipomjibu hakulifungua tena. Miaka ya 2000, wakati shule za kata zinajengwa kwa haraka, walimu waliopewa mafunzo ya wiki chache nao wakaitwa Vodafasta, na nakumbuka jina hilo lilikuudhi, hukulitumia hata mara moja. Ulisema tumpime mwalimu darasani kwake. Naomba kipimo hichohicho tuwape na watoto wa Meatu.

Usinielewe vibaya kuhusu Kiswahili. Nakipenda, na sidhani nchi hii ingekuwa hivi ilivyo kama mwaka 1967 kisingefanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Sidai kitolewe. Nadai mtoto asiyekijua afundishwe kukijua kabla ya kupimwa nacho, na jambo hili linawezekana kwa sababu limeshafanyika. Kati ya 2014 na 2020, mradi wa elimu wa EQUIP-Tanzania uliogharamiwa na Uingereza ulikuwa na mpango wa utayari wa shule katika mikoa kadhaa, Simiyu ikiwemo. Mtu wa kijiji chao, anayejua lugha yao, alikaa na watoto kwa wiki kadhaa kabla hawajaingia darasa la kwanza, akiwazoesha Kiswahili kwa hadithi na michezo. Gharama yake si ya kutisha. Kinachohitajika zaidi ni mtu kuamini kwamba mtoto anayejua Kisukuma tayari anajua kitu.

Najua utaniuliza kuhusu utoro. Upo, na unaumiza. Lakini nilipouliza nikakuta baadhi ya hao "watoro" ni ndugu wawili wanaopokezana: leo mmoja anachunga, mwingine yuko shule, kesho wanabadilishana. Kwenye rejesta wote wawili wanaonekana nusu watoro. Nyumbani kwao wanaonekana watoto wawili wanaojitahidi. Hilo nalo ningelijuaje bila kuuliza? Na msimu wa pamba darasa linapungua zaidi, kwa sababu pamba ndiyo itakayonunua hayo madaftari. Silitetei. Mtoto anatakiwa awe darasani, na mzazi aambiwe hivyo. Ila kumwambia mzazi kunahitaji heshima, na mwalimu anayemwita mshamba hawezi kwenda kwake jioni akasikilizwa.

Kwa hiyo nimeamua. Usaili wa ajira ukija, mikoa nitakayoitaja kwanza ni Simiyu na Shinyanga. Nimeanza kujifunza Kisukuma kwa mwanafunzi mwenzangu wa Maswa, nikianza na salamu, "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana, na maelekezo ya darasani. Anacheka matamshi yangu, na kucheka kwake kunanifundisha jambo ambalo sikulisoma chuoni. Nitawaketisha wanaojua Kiswahili pamoja na wasiokijua, nitaruhusu swali lisemwe kwa lugha mbili muhula mzima wa kwanza, na nitawauliza kwa kufuata mpangilio wa madawati ili mkono ulionyooshwa usiniamulie. Na kila mwezi nitamwomba mwalimu mwenzangu akae nyuma na karatasi, apige tiki.

Kuna moja sina jibu lake, na wewe unalo. Madarasa haya ya watoto 130 wewe umefundisha enzi za UPE, pengine kwa kitabu kimoja na chaki mkono mmoja. Mlisahihishaje? Uliwagawa vipi? Nakumbuka ulikuwa na kadi za silabi ulizokata kwenye maboksi, zimefungwa kwa uzi, juu ya kabati chumbani kwa bibi. Kama mchwa hawajazila, mpe kijana wa basi la Tanga nitazipokea stendi. Na uniandikie, hata kama ni kwa kunipinga.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mwambie baba nitampigia Jumapili.

Mwanao