Jumamosi ni zamu ya Forbes-Robertson

Wapendwa habari zenu, poleni na baridi. Jumamosi saa 10 jioni tunakutana kwangu, sio ukumbini tena, tunaangalia Hamlet ya 1913, ile tamthilia ya Shakespeare, filamu bubu ya mwigizaji Mwingereza Johnston Forbes-Robertson, huyu mzee alisomea uchoraji kwanza ndo akaingia jukwaani, akacheza Hamlet pale Lyceum, ukumbi wa maigizo London, 1897 wakamsifu kweli, halafu mwaka anaaga jukwaa la London ndo anarekodiwa, miaka 60 anaigiza kijana jamani! Na ile sauti iliyompa jina hatutaisikia, inauma kidogo.

1. Mchango pauni 5, mwisho Alhamisi usiku
2. Mwenye projekta aseme, chai na mandazi niachieni mimi

Andikeni "nipo" au "sipo" kabla ya Alhamisi, msisome tu mkanyamaza 😄