Wauguzi Wakenya walio Uingereza walindwe dhidi ya ubaguzi wa chinichini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, hasa vijana wanaohitimu uuguzi huku wakiitazama Uingereza kwa matumaini, jambo ambalo mawakala wa ajira hawalitaji.

Katika wodi ninayohudumu hakuna mkubwa wa kazi aliyewahi kunitukana kwa sababu ya rangi yangu. Hata hivyo, asubuhi ninapokabidhi zamu na kueleza kwamba presha ya mgonjwa imekuwa ikishuka tangu usiku wa manane na mkojo wake umepungua, msimamizi humgeukia mhudumu msaidizi Mzungu, ambaye hakusomea uuguzi, na kumwuliza iwapo ndivyo ilivyo. Msaidizi akikubali, ndipo daktari huitwa. Ukilitaja tukio kama hilo peke yake huonekana dogo, na mlalamikaji huambiwa kwamba amechoka au ana hasira za karibu, ilhali aliyecheleweshewa matibabu ni mgonjwa.

Katika vyeo, muuguzi aliyehudumia wagonjwa mahututi nyumbani kwa miaka mingi kwa kawaida huanzishwa ngazi ya 5, iliyo ya chini kabisa kwa muuguzi aliyesajiliwa. Hilo tunalikubali tunapoajiriwa. Kinachouma ni kuwaona wale tuliowaelekeza kazi wakipandishwa hadi ngazi ya 6 huku sisi tukishauriwa kuboresha mawasiliano, bila ya kuonyeshwa tulipokosea. Wanawake wa Karibiani waliokuja kuhudumu hapa miaka ya 1950 walipitia hayo: wengi walielekezwa kwenye mafunzo ya miaka 2 yenye hadhi ndogo, badala ya yale ya miaka 3 ya usajili kamili.

Ubaguzi wa aina hii huweza kuthibitishwa. Mwaka 2023 baraza la kesi za kazi mjini Manchester lilimpa haki Michelle Cox, muuguzi mweusi aliyeishtaki NHS England, shirika la huduma za afya za umma, na miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa ni mkuu wake kupanga vikao vya timu siku ambazo yeye hangeweza kuhudhuria. Wengi wetu, hata hivyo, tuna viza inayomtegemea mwajiri, na udhamini ukikatishwa mtu kwa kawaida hupewa siku 60 atafute mwajiri mwingine au aondoke. Mwenye watoto shuleni na wazazi wanaotegemea pesa zake nyumbani hufikiri sana kabla ya kuandika malalamiko.

Serikali yetu ilitia saini makubaliano na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya mnamo Julai 2021. Naiomba iweke katika ubalozi wetu London afisa anayeifahamu kazi ya uuguzi, atakayepokea malalamiko haya na kuyafuatilia, na idai kwamba muuguzi aliyelalamika asipoteze udhamini wake kabla kesi yake haijaamuliwa.

Muuguzi Mkenya,
Birmingham, Uingereza