Kanisa Kuu la Köln

Neema shosti, za siku? Mama hajambo? Mi mzima, baridi tu ya huku Ujerumani ndo inatusumbua. Sasa hatimaye nimeingia lile kanisa kuu la Köln, na vile wewe ndo mtu wa ujenzi lazima nikupe yote.

Ukitoka tu stesheni ya treni hilo hapo, jiwe limepiga weusi, minara miwili ya mita 157, shingo inauma kabla hujaona ncha. Walianza 1248 baada ya kanisa la zamani kuungua, na sababu kubwa ni masalia ya Mamajusi ambayo Askofu Mkuu Rainald von Dassel aliyaleta kutoka Milano mwaka 1164, basi mahujaji wakawa wanamiminika. Sanduku lao lipo mpaka leo nyuma ya altare kuu, limepakwa dhahabu linamemeta, nilipiga magoti pale nikakuombea na wewe.

Ila kilichonishika zaidi, hilo kanisa lilikaa pagale karibu miaka 300! Upande wa altare walimaliza, ukabarikiwa 1322, mnara wa kusini ukapandapanda, halafu kufika kama 1560 kazi ikasimama kabisa, hela imekata, michango haiji. Kreni yao ya mbao ikabaki hukohuko juu ya mnara, watu wanabatizwa, wanaoana, wanazikwa, kreni ipo tu, ilikuja kushushwa 1868.

Na unajua walimaliziaje? Ramani! Mafundi wa zamani walichora sura yote ya mbele kwenye ngozi, zaidi ya mita 4 kwenda juu, ikapotea, kipande kimoja kikaonekana Darmstadt 1814 na kingine Paris miaka miwili baadae. Mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm IV, tena Mprotestanti, akaweka jiwe 1842 na 1880 wakamaliza, sura ya mbele wakifuata mchoro uleule. Wangeweza kabisa kubuni ya kwao, hawakufanya hivyo, mi naona hiyo ni heshima kubwa sana kwa wale marehemu. Sema kenchi za paa waliweka za chuma, za mbao hawakutaka tena.

Ndani sasa, dari ya mawe iko mita 43 juu na kuta karibu zote ni vioo vya rangi, nikajiuliza uzito wote ule unashikwa na nini, kumbe siri iko nje, kuna matao yanaruka kutoka kwenye nguzo nene yanaegemea ukuta usisukumwe na dari. Nimekupigia picha nyingi za hapo kwenye maungio, jiwe jeusi limekaa na jiwe jipya jeupe lililowekwa juzijuzi, maana mafundi bado wapo kila siku wanabadilisha yaliyolika.

Vita ya Pili mabomu 14 yalilipiga na halikuanguka, niambie wewe kitaalamu ni kwa nini, matao hayo au? Jibu usichelewe, na nisalimie wote kwaya.

Wako,
Rehema